Kofia Isiyo na Vitundu

Asubuhi ya kwanza niliyoamkia Kabanga, mwezi wa Juni mwaka 1976, nilitoka nje ya nyumba ya walimu nikiwa na shati la mikono mifupi na kofia ya viua ambayo mama yangu aliishona kwa mkono wake mwenyewe huko Pangani, kazi iliyomla jioni za miezi mitatu, na ambayo mimi, kijana wa miaka 22 nisiyepata kulala mbali na bahari, niliihesabu kuwa ni vazi la kumtosha mwanamume mahali popote penye watu wenye adabu. Sikwenda hatua kumi. Upepo uliokuwa ukishuka kutoka upande wa Heru Juu uliingia katika kila kitundu cha kofia ile, kimoja baada ya kimoja, kana kwamba unavihesabu, ukatua juu ya kichwa nilichokinyoa siku ya kuanza safari, nami nikarudi ndani mbio nikajitatia taulo. Na kwa taulo hilo kichwani ndivyo wanafunzi wangu wa darasa la tatu walivyoniona kwa mara ya kwanza.

Sina haki ya kuilaumu kofia. Kofia ya mwambao ina vipande viwili, kile cha duara kinachokaa utosini na mshadhari unaozunguka kichwa, na mshonaji wake hutoboa vitundu kwa mamia, akavizungushia uzi kimoja kimoja visifumuke, ili upepo wa bahari upite na jasho likauke. Hiyo ni hekima ya nchi ya joto, na kwa nchi ya joto sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Lakini mimi nilikuwa nimechukuliwa na reli ya kati kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, nikashuka kando ya ziwa, mahali palipo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na ambapo joto lake ni joto la kufahamika, kisha lori likanipandisha hadi nchi ya Buha, huko Kasulu, zaidi ya mita 1,200, wala hapakuwa na mtu aliyenitanabahisha kwamba katika Tanzania hii hii ya jua na minazi kuna watu waotao moto asubuhi na jioni. Serikali ilikuwa imepania kutimiza azimio la Musoma la Novemba 1974 juu ya elimu ya msingi kwa wote, walimu tukatawanywa kama mbegu, na mbegu haiulizwi kama ina nguo.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kiha aliyepata kuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, naye alifika Burma mwaka 1944 pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ukutani kwake, juu ya msumari, ilining'inia kofia pana ya vita vya huko, ile ambayo askari wetu waliivaa ukingo mmoja umeinuliwa ukabanwa ubavuni. Aliniona na taulo, akaniamkia kwa Kiha, "Mwakeye," akaniketisha karibu na moto, asicheke; na baada ya kimya kirefu, maana watu wa kule hawana pupa ya maneno, akasema, "Mwalimu, baridi ya huku haipiti utosini. Unaufunika utosi wako kama mtu aogopaye mvua ya mawe. Baridi inapita hapa na hapa," akanigusa sikio kwa kidole, kisha kisogo.

Kwa maneno hayo machache nilipata elimu yote ya kofia ya baridi ambayo nimeihitaji katika aushi yangu, ingawa ilinichukua mwaka mzima kuitii. Wako waliotuaminisha kwamba nusu ya joto la mwili wa binadamu hutokea kichwani, hata madaktari wawili wa Kimarekani wakalazimika kuandika katika jarida la BMJ mwaka 2008 kwamba jambo hilo ni uzushi, na kwamba kichwa hakipotezi joto kupita kadiri ya ukubwa wake. Mzee yule hakusoma jarida lolote. Hakudai kwamba kichwa ni mlango wa roho. Alidai tu kwamba masikio yanauma, na kweli yanauma.

Nikaanza kutafuta kofia. Maduka ya Kasulu ya wakati ule yalikuwa na sabuni siku yalipokuwa na sabuni, na kofia hayakuwa nayo kabisa. Nilielekezwa kwa bwana mmoja wa kijiji cha pili, aliyekuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga enzi za SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanza mwaka 1944 kukusanya vijana wa Kasulu, Kibondo na kwingineko kwa maelfu na kuwapeleka pwani kukata katani. Wengi walirudi na kifua kibovu na sanduku la bati. Huyu alirudi na sanduku, na ndani yake pama ya sufu iliyoshindiliwa, rangi ya kahawia iliyoiva, utepe mweusi, ukanda wa ngozi kwa ndani. Aliinunua Tanga mjini siku ya kupokea ujira wake wa mwisho, na tangu hapo hakuivaa ila kwenye harusi nne. Nilipomwambia kwamba mimi ni mtu wa Pangani alinishika mkono akaniuliza habari za mitaa ambayo yeye aliijua kunizidi. Nilimpa shilingi 35. Ikawa mimi mtu wa mkoa wa Tanga nimepanda mlima hadi Buha kuja kununua kofia ya Tanga kwa Muha, na mpaka leo sijui ni nani kati yetu aliyekuwa mgeni wa mwenziwe.

Pama ile ilikuwa kubwa kwangu kwa upana wa vidole viwili. Nilichukua ukurasa wa gazeti la Uhuru, nikaukunja mara nne kwa urefu, nikaupachika nyuma ya ukanda wa ngozi, na kofia ikashika. Kuvaa pama kuna siri zake, na kwa kuwa nilizijifunza kwa kuchekwa, mwenzangu naomba uzipokee bure. Haikai nyuma ya kichwa kama sahani iliyotundikwa. Hukaa mbele, juu kidogo ya nyusi, ikainama upande mmoja kiasi cha upana wa kidole, na ukingo wake wa mbele hushushwa ilhali wa nyuma umeinuliwa. Mwenye uso mrefu asitafute pama ndefu, asije akafanana na mnara wa msikiti; mwenye uso wa duara, kama mimi, hiyo ndefu humfaa. Na kuivua, uishike kwa ukingo. Yule ashikaye pama kwa kuibana pale juu penye mikunjo, vidole viwili mbele na gumba nyuma, kama wafanyavyo mabwana wa kwenye sinema, ajue kwamba mwaka hautapita kabla hajatoboa tundu mahali pale pale anapobania.

Mimi sikuitoboa, niliiua kwa njia nyingine. Novemba mvua ilinikuta njiani kutoka Kasulu, nikafika nyumbani kofia ikichuruzika kama sufuria iliyopinduliwa. Nilikuwa na seredani iliyojaa makaa mekundu. Nikaweka kigoda karibu yake, nikaiweka kofia juu ya kigoda, nikaenda kuswali na kupika. Niliporudi ilikuwa imekauka vizuri, laini, yenye harufu ya kondoo, na ilipokwenda kichwani ilikaa pale juu kama kifuniko cha birika. Nilidhani nimeiweka vibaya. Nikaigeuza, nikalitoa gazeti, nikaivuta. Sufu ile hutengenezwa kwa maji, moto na kukandamizwa mpaka nywele zake zikakumbatiana, na yeyote anayeitia maji kisha akaitia moto anaendeleza kazi ya kiwandani pasipo kujua. Ilinipasa niikung'ute, niutoe ukanda wa ngozi nje, niisimamishe juu ya kibuyu au chungu mbali na makaa, niiache upepo uimalize hata kama ni siku mbili. Mzee wa Keya aliishika kwa ukingo, akaizungusha, akatoka nayo bila kuniuliza, na siku ya pili nikamwona mjukuu wake wa miaka 7 akichunga mbuzi kwa fahari kubwa, pama ya Tanga kichwani, imemkaa kana kwamba imepimwa.

Kipupwe cha mwaka uliofuata sikungoja. Palikuwa na mama mmoja kutoka Burundi, miongoni mwa watu walioikimbia nchi yao mwaka 1972, ambaye hakwenda kwenye makazi ya wakimbizi bali alibaki kwa ndugu wa mumewe karibu nasi, naye alikuwa na kipawa cha kufuma. Sufu mpya haikupatikana, basi alinunua sweta kuukuu, akazifumua kuanzia shingoni, akazungusha uzi kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa, akauosha, akauning'iniza na jiwe chini ili ule mkunjo wa zamani unyooke. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akanijibu na kuniinamisha kichwa pasipo maelezo, akakizungushia uzi juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio, mpaka pale kisogo kinapotokeza. Akakata uzi, kisha akaupunguza kwa vidole viwili. Nikamwambia kwamba itanibana. Akasema, "Hii si ya kushona, mwanangu. Ya kufuma hunyooka." Na ndivyo ilivyo: anayenunua mzula unaomtosha vizuri dukani, baada ya mwezi atakuwa na mfuko. Alinifumia rangi ya samawati iliyokolea, na upindo mpana uliorudishwa juu mara mbili, hata pale penye masikio pakawa na tabaka tatu za sufu, kisha utosini akaacha tabaka moja tu. Sikumweleza neno la yule mzee. Alilijua kwa njia yake.

Kwa hiyo nikapata kofia isiyo na vitundu, na ndani ya juma moja nikapata na sifa ya kiburi.

Nilikuwa nikienda sokoni alfajiri, mzula nimeuteremsha hadi nyusi, masikio yamelala ndani kama watoto, na katika njia ile nyembamba nilipishana na mzee ambaye, kama nilivyokuja kuambiwa, alinisalimu mara mbili kwa heshima zote anazopewa mwalimu, akasimama akingoja, nami nikapita. Nilimwona. Nilidhani ananitazama tu, nikatikisa kichwa. Salamu za Buha si za kutupiana huku mkienda; mtu husimama, huinama, huulizwa habari za nyumba na ng'ombe na mvua, na asiyesimama amekwisha kusema neno lake. Jioni mzee wa Keya akanijia, na safari hii hakukaa kimya. "Kofia inayokuziba masikio," akasema, "sharti uivue kabla mtu hajafungua kinywa, kwa sababu akisha kufungua hutamsikia." Akanifundisha kuupandisha upindo juu ya masikio tangu ninapomwona mtu akitokea mwisho wa njia, na akiwa ni mzee, kuuvua mzula wote, nikaushika mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipotatizika, na si kwa sababu ya baridi. Kwetu pwani mwanamume havui kofia kumsalimu mtu. Kofia ni ukamilifu wa vazi, na kumtokea mkubwa kichwa wazi ndiko kumkosea. Kanisani wanaume huingia kichwa wazi, msikitini mimi huona haya kuingia hivyo, na Kabanga ni mahali pa misheni, ambapo mazishi, harusi na mikutano ya wazazi hukutania uwanja wa kanisa. Ajabu ni kwamba Mapadri Weupe wenyewe, ambao wa kwanza wao walifika Ujiji mwaka 1879, walivaa kanzu nyeupe na kofia nyekundu mfano wa tarbushi, mavazi waliyoyachukua Algeria lilikoasisiwa shirika lao mwaka 1868, hata mtu wa Pangani angewadhania jamaa zake. Na kila nipitapo Ujiji hukumbuka kwamba mkutano ule wa Novemba 1871, kama Stanley mwenyewe alivyousimulia, ulikuwa kwanza ni mkutano wa kofia: yeye alivua yake, Livingstone akainyanyua kidogo yake ya buluu iliyopauka yenye utepe wa dhahabu uliofifia, kisha wote wawili wakazirudisha vichwani, ndipo wakashikana mikono. Wale walikuwa na desturi moja. Mimi nilikuwa na mbili juu ya kichwa kimoja. Mara ya kwanza nilipohudhuria maziko ya misheni nilisimama nje karibu na mlango na barakashia yangu, manyunyu yakinipiga, na mzee wa Keya, alipotoka na kipara chake kinachong'aa kwa maji, akaninong'oneza, "Wewe vaa, Mwalimu. Mungu anakujua kwa kofia yako, sisi anatujua kwa vipara vyetu."

Baada ya mwaka 1985, milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ilipanda hadi Kasulu na shida ya kofia ikageuka kuwa shida ya kuchagua. Siku ya mnada machinga hulifungua belo, kofia za wazungu mamia zikamwagika juu ya turubai, na vijana hushika ile yenye maandishi makubwa. Mimi hutia mkono ndani kwanza, nikautazama ukanda, kwa maana jasho la mwenye kuitangulia liko hapo na halifuliki. Kisha huielekeza juani nione kama nondo ameila. Kisha huikunja ukingo nione kama inarudi yenyewe au inabaki imelala. Nikisha kulipa, huchomoa unyuzi mmoja nikauchoma kwa kiberiti. Ukitoa harufu ya nywele zilizoungua, ni sufu, na sufu hupasha joto hata ikiloa kidogo. Ukiyeyuka ukawa tone gumu jeusi, nimenunua plastiki, na hakuna wa kumlaumu.

Juu ya mtindo sitasema mengi, kwa kuwa kila zama ina wajinga wake na mimi nimekwisha kuwa mmoja wao. Mzula mwembamba wa rangi moja iliyokolea huweza kuvaliwa na suti na koti refu usilete aibu, ila upindo wake uwe umenyooka; wenye kishungi cha nyuzi utosini uachiwe watoto. Kapelo si kofia ya baridi, iwe ya chama au ya mpira, masikio yako nje. Na ule mzula unaoteremka mpaka kidevuni ukaacha macho tu, ambao ndugu zetu wa Kenya huuita boshori, ni mzuri kwa mlinzi na kwa mwendesha pikipiki, lakini aliyeshuka pikipiki na asiukunje amejitia mwenyewe katika orodha ya wezi, na watu wakipiga yowe asishangae.

Jawabu la tatizo langu nililipata bila kulitafuta. Mzee wa Keya alifariki Julai 1991, usiku wa upepo, nikaitwa saa kumi za alfajiri. Nilivaa gizani. Barakashia ya mama nilikuwa nayo kichwani tangu swala ya usiku, nikauvuta mzula juu yake pasipo kufikiri, nikatoka. Njiani nilishangaa kwamba sihisi baridi hata kidogo. Vile vitundu vilivyonitesa miaka 15 nyuma, sasa vikiwa vimefunikwa, vilishika hewa yangu mwenyewe ya joto vikaituliza pale ilipo. Tulipofika mlango wa kanisa, wanaume wakavua, nami nikavua mzula pamoja nao, nikaushika mbele ya tumbo kwa mikono miwili kama alivyonifundisha marehemu, na kichwani ikabaki kofia ya Pangani. Katekista alinitazama, akanisogezea nafasi katika benchi la majirani. Mwana mkubwa wa marehemu alikuwa mbele na kofia ya Burma, ameishika kwa ukingo.

Nilistaafu mwaka 2014 na sikurudi pwani. Mzula nilionao sasa ni wa nne. Kofia ya mama ni ile ile. Imeshonwa upya mshadhari mara mbili.